Mama Lenzi Moja

Mimi nachapisha picha River Road, orofa ya pili, juu ya duka la mabomba, na nitakuambia ukweli: ukitaka kumjua mpiga picha, usimuulize bibi harusi. Bibi harusi ataangalia gauni lake tu. Niulize mimi Naliaka, ambaye kazi zao hufika kwa skrini yangu kabla hazijapakwa poda. Najua nani hutetemeka mikono, nani hulewa kabla keki haijakatwa, na nani amenunua kamera ya bei ya shamba na bado anawakata watu vichwa.

Waringa nimemjua miaka ishirini na miwili. Anaishi Waithaka, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na babake, na mjini jina lake ni Mama Lenzi Moja. Siku za kazi utampata kwenye ngazi za ofisi ya msajili wa ndoa, amevaa jaketi la mifuko minane na raba nyeupe, akingoja maharusi wanaotoka ndani wakiwa na cheti mkononi na hawajui waelekee wapi. Jumamosi yuko kwa sherehe za watu: Kangemi, Dagoretti, Kinoo, popote atakapoitwa. Na popote alipo, kamera yake ina lenzi ile ile moja, ya milimita kumi na nane hadi mia tatu, ambayo nadhani hata akilala huiweka chini ya mto.

Kwa asiyejua mambo haya, wapiga picha wengi hubeba lenzi tatu nne. Fupi ya kuchukua umati wote, ndefu ya kumvuta mtu aliye mbali, na nyingine yenye mdomo mpana ya kufanya kazi gizani. Ya Waringa inajaribu kuwa zote. Anazungusha pete yake, lenzi inatoka mbele urefu wa chupa ya soda, na mtu aliye ng'ambo ya barabara anakuja mpaka puani. Anazungusha tena, inarudi ndani, na amepata ukoo mzima pamoja na mlango wa ofisi. Hakuna kufungua na kufunga, hakuna vumbi kuingia ndani ya kamera. Pale kwenye ngazi hiyo ni baraka, maana maharusi hawakai hata dakika tano. Mara pete, mara shangazi analia kule kando ya geti, mara mama mkwe amekunja uso. Wenzake wakiwa bado wanapapasa mabegi, yeye ameshamaliza na anaandika namba ya simu ya kuwatumia picha.

Lakini mimi ndiye mchapishaji, kwa hivyo mtu asinidanganye. Lenzi hiyo inafanya kila kitu na hakuna inachokifanya vizuri kabisa. Ikivutwa mpaka mwisho, nyusi za mtu zinalegea, huoni unywele mmoja mmoja. Ikirudishwa mwanzo, majengo yanatoa tumbo. Ana picha moja ya KICC ambayo jengo zima linaonekana lina mimba. Na gizani, wacha! Mdomo wake ni mdogo, mwanga unaingia kwa kubembelezwa, na picha zinatoka na chembechembe kama zimemwagiwa unga. Nimemsemesha juu ya hayo mpaka nimechoka.

"Mama Nyakio, nunua hata moja nyingine, ya kazi ya ndani."

"Na wakati nitakuwa naibadilisha, utaniletea bibi harusi arudie kucheka?"

"Hizi picha za ukumbini ni aibu."

"Wateja wamelalamika?"

Wateja hawajawahi kulalamika, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nyakio ni binti yake wa pekee. Babake alienda zake mtoto akiwa na miezi minane, akasema anatafuta kazi Eldoret, na mpaka leo nadhani bado anaitafuta. Waringa alimlea kwa kamera. Siku za Jumamosi mtoto alikuwa akilala chini ya meza ya keki za watu, na siku za shule alikuwa akimsubiri mamake hapa dukani, akijaza madaftari yake kando ya mashine. Alikuwa hafikii hata kaunta. Leo ni mhasibu ana ofisi Kilimani na viatu vya kisigino, na mwaka jana alileta mchumba: Were, kijana wa kwetu magharibi, mpole, mrefu, anayeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili akiongea na wakubwa. Nilimpitisha siku hiyo hiyo.

Basi ikapangwa ruracio, ile siku ambayo Wakikuyu huwapokea wakwe na mahari yao. Majuma mawili kabla, Nyakio alinijia dukani na flashi iliyojaa picha. Alitaka nimtengenezee ubao wa picha zake tangu utotoni, uwekwe pale kwenye hema. Tukakaa kuchagua. Picha mia sita na kitu! Nyakio na jino lililong'oka, Nyakio na sare mpya, Nyakio kwenye farasi wa kukodi, Nyakio na joho la digrii. Tulicheka sana. Halafu akasema, "Anti, sasa tafuta zangu na Mami."

Nikatafuta. Nikarudi mwanzo, nikatafuta tena. Hakukuwa na hata moja. Ziko mia sita za mtoto, na mama yuko upande wa pili wa zote. Iliyokaribia ni ya Nyakio akiwa na miaka sita, pembeni kuna kivuli cha mtu kwenye nyasi na viwiko viwili vimeinuliwa. Usiniulize habari za simu, maana hata simu ikitolewa Waringa anaipokonya. "Lete nipige mimi, mwanga uko nyuma yenu." Ndiyo hadithi yake, kwa krismasi, kwa mazishi, kwa ubatizo.

Nyakio alikiangalia kile kivuli kwa muda mrefu. Machozi yakaanza, naye akajaribu kucheka juu yake.

"Mimi nataka moja tu, Anti. Kabla nitoke nyumbani. Ya mimi na yeye, na sio ya kusimama kama watu wa pasipoti."

Nilikasirika, haki ya Mungu. Nilimpigia Waringa hapo hapo, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Akauliza, "Sawa, lakini nani ataipiga?" Hilo ndilo lililokuwa limemsumbua katika yote niliyosema.

Nyakio akalimaliza mwenyewe. Aliajiri mpiga picha wa Kilimani, kijana anaitwa Mutie, mwenye begi la lenzi sita na leso maalum ya kuzipangusa. Akamwambia mamake: siku hiyo wewe ni mama wa bibi harusi, utavaa nguo niliyokununulia, utakaa kwenye kiti cha mama, na kamera itabaki nyumbani. Waringa akakubali mbele yangu. Akaapa kabisa.

Jumamosi yenyewe nilifika Waithaka saa tatu kumsaidia na vyombo. Waringa alipendeza! Gauni la rangi ya udongo, shanga, kilemba. Mkononi alikuwa na kiondo, na kiondo kilikuwa kinamvuta bega upande mmoja.

"Kiondo kina nini?"

"Skafu. Kukiwa na baridi."

Nikaingiza mkono. Skafu gani ina pete ya kuzungusha?

"Shindwe! Uliapa."

"Niliapa nitakaa kwenye kiti," akasema, na jicho lake lilikuwa linameta kama la mwanafunzi aliyeruka ua. "Na nitakaa. Hiyo ndiyo raha ya lenzi yangu, Naliaka. Huyo Mutie wenu atakimbia huku na huku akibadilisha vitu. Mimi nitaketi pale kwa heshima zangu zote, na bila kuinuka nitapata geti, nitapata wakwe, nitapata machozi ya mtoto wangu. Nitakuwa mama na mpiga picha kwa wakati mmoja. Nani mwingine anaweza hiyo?"

Ningemnyang'anya. Lakini tayari wakwe walikuwa wanaimba nje ya geti, na ilinibidi nikimbilie sahani.

Na aliketi kweli, sijui nimlaumu kwa lipi. Wakwe wakaimba getini, wakafungiwa kidogo kama ilivyo desturi, wakatoa vijisenti vya kufunguliwa, wakaingia. Waringa pale kitini akawachukua mmoja mmoja kutoka mbali. Wazee walipoingia sebuleni kuzungumza mambo yao, akainua kamera akaishusha, maana sebule ile ina dirisha moja na pazia zito. Mutie akaingia na ile yake ya mdomo mpana na, nisimnyime haki, alitoa picha safi sana huko ndani. Unaona mpaka mvuke wa chai. Waringa alimtazama akitoka, akameza mate.

Kisha ikafika ile sehemu inayopendwa na wanawake kuliko zote. Bibi harusi hufichwa. Wanachukua wasichana wa rika lake, wanawafunika leso kutoka kichwani mpaka chini ya magoti, wanawapanga mstari, na bwana harusi anaambiwa: haya, mchukue wako. Akikosea anatozwa faini, na ukweli ni kwamba kila mtu hutaka akosee. Mashangazi wa Waithaka walikuwa wameshachagua mbuzi wa faini. Walikuwa wamewavalisha wasichana saba soksi nyeupe zinazofanana ili hata miguu isiseme.

Were akasimama mbele ya wale saba, jasho linamtiririka. Upande wake alikuwa amekuja na senge yake, dada ya babake, anaitwa Namalwa, mama mnene mwenye miwani na macho yasiyopitwa na kitu. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sinia la mandazi.

Sasa, mama ni mama. Unaweza kumfunika mtoto leso kumi, mamake atajua anavyosimama. Waringa alimjua Nyakio mara moja: wa tano, yule aliyeegemea mguu wa kushoto. Na kwa sababu alimjua, alifanya kile anachofanya kila Jumamosi ya maisha yake. Akazungusha pete. Lenzi ikatoka, ikatoka, mpaka mwisho wake, ikakaa pale juu ya magoti ya mama wa bibi harusi, nyeusi, ndefu, mbele ya watu mia mbili, imemlenga wa tano. Were akisogea kulia, haikusogea. Akisogea kushoto, haikusogea. Waringa alikuwa anasubiri leso ifunuliwe asipoteze ule uso.

Namalwa akashusha miwani. Akamwinamia Were na kumnong'oneza kwa lugha yetu, akijua kwamba Waithaka hakuna wa kumwelewa.

"Wacha kuangalia wasichana. Angalia mama mkwe wako. Hicho kitu chake kinaangalia wapi?"

Were akageuka, akaona. Akahesabu kwa macho.

Mimi nilielewa kila neno. Nilikuwa mgeni wa upande wa bibi harusi, nimekula chapati zao, nilifaa kupiga kelele. Nilijaza mdomo mandazi nikanyamaza.

Were alitembea moja kwa moja mpaka kwa wa tano kama mtu anayeingia kwake, akafunua leso. Nyakio! Wakwe wakalipuka kwa vigelegele. Mashangazi wa Waithaka wakabaki midomo wazi. Mbuzi wao ameponyoka hivi hivi. Wangekubali yaishe, lakini Namalwa hakuweza kujizuia. Alivuka ule uwanja akicheka, akamshika Waringa mkono mbele ya watu wote.

"Asante sana mama mkwe kwa kutuelekeza! Hata mshale wa barabarani hauonyeshi vizuri hivyo!"

Woi! Ungesikia kelele. Shangazi mmoja alisema, "Ngai, ni Waringa amemuuza!" Mwingine akadai mbuzi atoke kwa Waringa mwenyewe. Watoto walikuwa wanaruka. Waringa aliangalia lenzi yake, akaangalia mstari wa wasichana, ndipo akaelewa. Akaanza kuizungusha irudi ndani haraka haraka, na hilo likawachekesha watu zaidi.

Mimi nilikuwa namtazama Nyakio. Yeye hakuwa anacheka. Leso ilikuwa mabegani, na macho yake yalikuwa yamefika kwenye kiti cha mamake na kukuta kamera. Siku yake hii, na bado mamake yuko upande wa pili.

Kakake Waringa, Kiarie, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Ni mtu wa mzaha, lakini macho yake nayo yalikuwa yamepita kwa Nyakio. Akainua mkono watu wanyamaze.

"Aliyefichua bibi harusi atatozwa faini kama aliyekosea," akasema. "Lakini mbuzi wa dadangu ni mbuzi wangu, hiyo hatukubali. Faini yake ni hii. Kamera itashikwa na mtu mwingine. Na yeye aende asimame pale kwenye mstari afunikwe pamoja na mtoto wake, leso moja, mpaka wimbo uishe."

Wanawake hawakungoja wimbo kuanza. Walimwinua Waringa kitini, mmoja akamvua ule mkanda wa shingoni, na kamera ikatua mikononi mwangu juu ya sinia. Alikuwa akinipigia kelele akiburutwa, "Naliaka, usiguse pete! Kuna giza chini ya hema, ongeza..." Sikusikia aongeze nini, maana Nyakio alimrushia leso juu ya kilemba, wakapotea wote wawili ndani yake.

Wimbo ukaanza. Leso ilikuwa inaruka na miguu minne chini yake, raba nyeupe mbili na soksi nyeupe mbili. Sijui alivaaje raba na gauni lile. Nilimtafuta Mutie aje apige hiyo picha. Alikuwa amepiga magoti kando ya begi, kamera haina lenzi, kifuniko kiko mdomoni, ananifanyia ishara ya kungoja. Ningoje nini sasa?

Nikainua ile kamera. Miaka yote hiyo ya kuwakosoa watu, na mimi sijawahi kupiga harusi. Nilijaribu kuzungusha pete nikaizungusha upande usiofaa, ikatoka yote, na ndani nikaona leso tu imejaa kila mahali. Hapo leso ikateleza ikawaangukia mabegani, nyuso mbili zikatokea, nami nikabonyeza. Nilisikia kamera ikikawia kabla ya kufunga. Nilijua picha nimeiharibu.

Baadaye Mutie aliwapanga vizuri akawapiga picha nyingi, kwenye mwanga, na zile lenzi zake za maana. Nilidhani mambo yamekwisha.

Jumanne Waringa akaja dukani, jaketi lake, raba zake, kamera shingoni. Nikamfungulia za Mutie kwanza. Zina makali, huwezi kuamini, unahesabu kope. Lakini katika kila moja ya yeye na Nyakio, Waringa amefungua mdomo na kidole kiko hewani. Ya kwanza anamwambia Mutie asogee kushoto. Ya pili anamwambia jua. Ya kumi na mbili bado anamwambia. Tulicheka mpaka nikashika mashine. "Nimeharibu kazi ya kijana wa watu," akasema akijipangusa macho.

Ndipo nikafungua yangu.

"Ai, Naliaka! Nani alikudanganya unaweza kushika kamera? Imetikisika. Umevuta mpaka mwisho kwenye kivuli. Umemkata Nyakio nywele. Angalia hizi chembe, na hii rangi hapa pembeni ya shanga, na hapa mimi..."

Alivuta kiti akaketi karibu na skrini. Katika picha yeye amefumba macho anacheka, kilemba kimekwenda upande, na huwezi kuhesabu unyusi hata mmoja. Nyakio hacheki. Amegeuka anamtazama mamake, karibu sana, leso ikiwa bado imewafunga wote wawili, na sijui niseme vipi jinsi anavyomtazama. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama mimi hivyo.

"Yeye huniangalianga hivi?" Waringa akauliza.

"Siku zote. Tangu alipokuwa hafikii kaunta hii."

"Na mbona mimi sijawahi kuona?"

Ningeweza kumwonea huruma, lakini urafiki wetu haukujengwa hivyo. "Ungeonaje," nikasema, "na wewe umeweka kamera usoni miaka yote hiyo?"

Alikaa pale mpaka skrini ikajizima yenyewe, nami sikuiwasha. Kisha akatoa simu.

"Nyakio, uko ofisini? Shuka hapo chini nakuja... Hapana, hakuna kitu kibaya. Hakuna picha pia. Nataka tu kukuona."

Akavua mkanda shingoni, akaiweka kamera na lenzi yake juu ya kaunta yangu, akashuka ngazi. Nikadhani amesahau. Nilikimbilia dirishani nikamwita kwa nguvu zangu zote, River Road nzima ikageuka.

"Mama Nyakio! Kamera!"

"Kaa nayo!" akapaza sauti kutoka kule chini, na hakurudi kuichukua siku hiyo.